Kadi za kukunja na albamu ndogo ya kumbukumbu: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi muhuri

Kadi inapasuka mgongoni. Haikai imefungwa. Muhuri umetapakaa. Albamu ikishawekwa picha inafutuka na kubaki mdomo wazi. Malalamiko ni hayohayo, yawe ya mwanafunzi wa Uyole anayewaandalia kidato cha nne kadi za kuwatakia mtihani mwema, au ya mama wa Makambako anayetaka albamu ya ubarikio wa mwanawe.

Mawili ya kwanza yana mzizi mmoja: karatasi imekunjwa kwa upande isioutaka. Watu wananunua gundi ya bei, mapambo ya kumetameta, hata karatasi nyingine mpya, lakini hawajaribu kuigeuza ile waliyonayo. Tutaanzia hapo, kisha tutatengeneza kadi ya A6 (robo ya A4), mihuri ya mkono na albamu ya kurasa 16 yenye jalada la kitenge.

## Vifaa

Vingi utavipata kwenye duka lolote la stesheneri, iwe Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, na vingine viko nyumbani.

- Karatasi za manila, rangi nyepesi. Kwa kuanzia, A4 sita zinatosha kadi nne na albamu moja. Ongeza moja ya kuharibu.
- Karatasi nyeupe za kawaida za fotokopi.
- Karatasi ya kaki, kwa mapambo na kwa karatasi ya nje ya albamu.
- Rula ya chuma. Ya plastiki inaliwa na wembe, na kuanzia siku hiyo mistari yako yote itakuwa na pengo.
- Kisu cha kukatia karatasi chenye makali mapya, au wembe uliofungwa selotepu upande mmoja.
- Kalamu ya wino iliyokwisha. Usiitupe, ndiyo chombo muhimu kuliko vyote hapa.
- Kijiko cha chuma.
- Gundi nyeupe ya mbao, na brashi ndogo au kipande cha sponji.
- Pedi ya wino wa muhuri, ile ya ofisini.
- Raba nyeupe laini za kufutia, kiazi mviringo, na ndala iliyochakaa.
- Sindano nene, uzi imara (wa fundi viatu ni mzuri sana), na kipande cha mshumaa.
- Kadibodi ngumu ya mgongo wa kalenda ya ukutani ya zamani, na kipande cha kitenge.
- Boksi kubwa la kukatia juu yake. Usikatie juu ya kigae wala kioo, makali yatakufa kabla hujamaliza kadi ya kwanza.

## Hatua ya 1: Jua nyuzi za karatasi zimelalia wapi

Karatasi ya kiwandani, iwe imetoka Mgololo kule Mufindi au imeletwa na meli, hutengenezwa kwenye mashine inayokwenda mbele bila kusimama. Nyuzi za mti zilizo ndani ya rojo hujipanga kufuata mwendo wa mashine. Ndiyo maana kila karatasi ina upande inakokubali kukunjika na upande inakogoma.

Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unanyooka na kutulia. Ukikunja kwa kuzikatisha, unazivunja moja moja. Hapo ndipo ule mpasuko mweupe wa mgongoni unapotokea, na ndiyo sababu kadi inajifungua yenyewe ukiiweka mezani.

Jaribio la kwanza ni la mkono. Laza karatasi, kutanisha kingo mbili bila kuikunja kabisa, kisha ibonyeze kidogo kwa kiganja usikie inavyosukuma. Rudia kwa kingo nyingine mbili. Upande ambao haikusukuma sana ndio upande wa nyuzi: zimelala sambamba na mkunjo ambao ungeufanya hapo.

Kama mkono haujakupa jibu, tumia maji. Kata kipande cha mraba cha milimita 50, kiwekee alama ya penseli kujua kilikaaje kwenye karatasi, kisha lowanisha uso mmoja. Kitajiviringisha kuwa bomba. Bomba linapoelekea, nyuzi ndiko zilikolala. Hii hutokea kwa sababu karatasi iliyolowa hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji kwenye gundi.

Weka mshale mdogo wa penseli kwenye kila karatasi uliyoipima.

Tahadhari: usidhani manila zote za A4 zinafanana. Nyingi zimekatwa dukani kutoka kwenye shiti kubwa, na mkataji alikuwa anatafuta kubana karatasi, si mlalo wa nyuzi. Kwenye pakiti moja unaweza kukuta za aina mbili.

Karatasi ya kutengenezwa kwa mkono ni habari tofauti. Zile za kinyesi cha tembo, ambazo karakana ya Neema Crafts pale Iringa mjini imejulikana nazo, nyuzi zake zimetawanyika kila upande, kwa hiyo unakunja utakavyo. Ila ni nene, na zinahitaji mfereji mzito, yaani mstari uliobonyezwa wa kuongoza mkunjo, kabla ya kukunja.

## Hatua ya 2: Kata kwanza, kunja baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anachukua A4 ambayo nyuzi zake zimelala kwa urefu, anaikunja katikati kupata kadi ya A5. Mkunjo huo unakatisha nyuzi zote.

Fanya hivi. Pima nusu ya urefu, milimita 148.5, kata. Umepata vipande viwili vya A5, na nyuzi sasa zimelala sambamba na upande mfupi wa kila kipande. Kila kimoja kikunje katikati, kwenye milimita 105. Mkunjo unafuata nyuzi, na A4 moja imekupa kadi mbili za A6 zenye mgongo mtulivu. Zinaingia vizuri kwenye bahasha ya C6, yaani milimita 114 kwa 162.

Kama jaribio limeonyesha nyuzi zimelala kwa upana wa A4, basi karatasi hiyo ikunje nzima kuwa kadi kubwa ya A5. Hakuna karatasi mbaya, kuna matumizi tu.

Ukikata, usitafute kumaliza kwa mkato mmoja. Pitisha kisu mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Mkono ulioshika rula uwe upande usioelekea kisu, vidole vyote juu ya chuma, hakuna kilichochungulia ukingoni. Kuhakikisha pembe iko sawa, lazia juu yake kona ya karatasi mpya ya fotokopi. Pembe zake ni mraba kamili na hazikugharimu kitu.

## Hatua ya 3: Chora mfereji, kisha kunja kinyume chake

Weka rula kwenye milimita 105. Kwa kalamu isiyo na wino, bonyeza ukipita mara mbili kwenye mstari huohuo. Hukati, unaisinya karatasi ili ijue pa kuvunjikia.

Geuza karatasi. Upande wa pili utaona kituta chembamba kimeinuka. Kituta hicho kinatakiwa kibaki ndani ya kadi, na mfereji ubaki nje. Wengi hukunja kuingilia mfereji kwa sababu ndiko karatasi inakoonekana kualika. Matokeo yake uso wa nje unavutika kupita kiasi na kupasuka.

Kunja taratibu, linganisha kona mbili za juu na mbili za chini, ndipo upitishe mgongo wa kijiko kwenye mkunjo. Chini ya kijiko tanguliza karatasi safi, vinginevyo chuma kitaacha mng'ao kwenye manila yako.

Ukifaulu: mgongo hauna nyufa nyeupe, kona zimekutana, na kadi ikilazwa mezani uso wa juu hauinuki zaidi ya upana wa kidole.

Sasa ifungue tena, iwe bapa. Muhuri hupigwa kwenye karatasi bapa.

## Hatua ya 4: Chonga mihuri

Mihuri ya dukani ipo, lakini michoro yake ni ileile ya keki na maputo. Mwenye macho hapa kwetu hakosi cha kuchonga: jani la chai, mgomba wa Tukuyu, mgongo wa Mlima Loleza, mistari ya vikapu vya milulu vya Iringa. Anza na umbo lenye mistari michache minene. Tawi la chai, majani mawili na chipukizi, ni zoezi zuri kuliko yote kwa sababu makosa yake hayaonekani.

Raba. Chora umbo kwa penseli laini kwenye karatasi nyepesi, ukaze mkono. Pindua karatasi juu ya raba, sugua kwa ukucha. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ndivyo inavyotakiwa, maana ukipiga muhuri utageuka tena na kusomeka. Kwa herufi usifupishe hatua hii. Ukiliandika jina moja kwa moja kwenye raba, kadi ya Neema itasomeka kama maandishi ya kwenye kioo.

Kata kufuata mstari kwa ncha ya wembe, ukiulaza kidogo ili mguu wa umbo uwe mpana kuliko uso wake. Ukikata kwa kuingia chini ya umbo, ukuta unakuwa mwembamba na utakatika baada ya kupigwa mara chache. Kisha ondoa raba iliyo nje ya umbo, kina cha milimita 2 hadi 3. Sogeza raba kukutana na wembe kwenye kona, usipinde wembe. Vidole viwe nyuma ya makali muda wote. Kwa watoto, kazi ya wembe ni ya mkubwa.

Kiazi. Mtu wa Njombe hana sababu ya kulalamika kukosa muhuri. Kata kiazi nusu kwa mkato mmoja ulionyooka, chonga, kisha kilaze kifudifudi juu ya kitambaa kikavu kwa dakika 10 hadi 15. Usipokikausha, maji yake yanaingia kwenye wino na unapata doa badala ya umbo. Kiazi ni cha siku moja. Kesho kimesinyaa.

Ndala. Sponji yake inakatika kwa mkasi. Gandisha umbo juu ya kifuniko cha chupa ya maji, na mpini umeshapata. Inafaa kwa maumbo makubwa, haifai kwa mistari membamba.

## Hatua ya 5: Piga muhuri

Chini ya kadi weka karatasi tatu au nne za gazeti. Meza ngumu haisamehi raba isiyo sawa, lakini ulaini huo kidogo unaifanya iguse kote.

Gusisha pedi kwenye muhuri kwa kuidonoadonoa, usiukandamize muhuri ndani ya pedi. Wino ukijaa kwenye mifereji, utachapa na mifereji. Piga mara mbili kwenye karatasi ya taka, ndipo uje kwenye kadi. Shusha wima, bonyeza, hesabu mbili, inua wima. Usitikise wala usizungushe. Kile kivuli kinachoonekana pembeni mwa umbo kinatokana na kutikisa.

Karatasi ya kung'aa haifai hapa. Wino unakaa juu badala ya kunywewa, na kesho bado unashika vidole.

Wino wa pedi nyingi za ofisini ukiguswa na maji unatapakaa. Jaribu kwa kidole chenye unyevu kwenye karatasi ya taka. Ukitapakaa, basi usipake gundi ya maji karibu na chapa, na wakati wa masika usiache kadi dirishani.

Ukitaka rangi mbili, piga nyepesi kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo nzito ifuate.

## Hatua ya 6: Karatasi ya ndani na gundi

Manila hairafiki kalamu zote, kwa hiyo weka karatasi nyeupe ndani ya kuandikia. Chukua karatasi ya fotokopi, kata milimita 200 kwa 138, nyuzi zikielekea upande uleule wa kadi, ikunje katikati.

Paka gundi mstari mmoja tu wa milimita 5, nyuma yake, kandokando ya mkunjo. Usipake karatasi nzima. Gundi ina maji, karatasi ikilowa inatanuka kwa upana wa nyuzi, na ikikauka inavuta kadi nzima na kuipinda. Hayo ndiyo makunyanzi ambayo watu huyashughulikia kwa pasi bila mafanikio.

Weka kadi kati ya karatasi safi, juu yake vitabu vizito au mfuko wa unga wa kilo 5, usiku mzima. Usianike juani. Upande unaopigwa na jua unakauka mbele ya mwenzake, kadi inajikunja.

Juni na Julai, kwa walioko Makete, Njombe na Mufindi, fanya kazi ya gundi mchana. Gundi nyeupe haishiki vizuri kwenye baridi kali: inakauka ikiwa nyeupe na ya ungaunga badala ya kuwa angavu, na ukivuta inabanduka. Kama chumba ni baridi, hamia chumba chenye joto. Kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili gundi ikauke ni kuhatarisha maisha kwa ajili ya kadi.

Uji wa ngano ni mbadala mzuri wa gundi kwa kadi: kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji, koroga ukiwa baridi, pika kwa moto mdogo hadi uwe mzito na wa kung'aa, chuja. Kwenye albamu usiutumie, mende na wadudu wengine wanaupenda.

## Hatua ya 7: Shona kurasa za albamu

Chukua vipande vinne vya manila vya A5, nyuzi sambamba na upande mfupi, uchore mifereji na kukunja kama kadi. Kipande cha tano kiwe cha kaki, kipimo kilekile, kitakachokaa nje na baadaye kugandishwa kwenye jalada.

Sasa dawa ya albamu inayofutuka. Picha zina unene, mgongo hauna. Kata vibanzi vinne vya manila, milimita 148 kwa 30, vikunje katikati kwa urefu. Ingiza kimoja ndani ya kila manila iliyokunjwa, mkunjo kwa mkunjo, kisha panga zote zikiingiliana. Vibanzi hivyo vinanenepesha mgongo na kuziachia picha nafasi.

Kata karatasi ya taka yenye urefu wa mgongo, weka alama kwenye milimita 25, 74 na 123. Ifuate hiyo kutoboa matundu matatu kwenye mkunjo wa kila karatasi na kila kibanzi, moja moja. Usijaribu kutoboa zote kwa pamoja, sindano itakwenda mshazari.

Uzi uwe kama sentimita 45, uupake nta ya mshumaa. Shona hivi:

1. Anzia ndani, tundu la katikati, toka nje. Acha mkia wa sentimita 8 ndani.
2. Nje, panda hadi tundu la juu, ingia ndani.
3. Ndani, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, ukiruka la katikati. Toka nje.
4. Rudi tundu la katikati, ingia ndani. Angalia usiuchome uzi uliopita.
5. Mkia mmoja uwe kushoto kwa ule uzi mrefu, mwingine kulia. Kaza, funga fundo mbili juu yake.

Unapokaza, vuta kwa kulala, kufuata mgongo. Ukivuta kwenda juu, uzi unageuka msumeno na kuchana tundu.

Kurasa za katikati zitakuwa zimechungulia nje kidogo kuliko za pembeni. Ni kawaida. Weka rula, punguza ukingo mmoja mzima.

## Hatua ya 8: Jalada la kitenge

Kata kadibodi mbili, milimita 104 kwa 155, nyuzi zikielekea upande mrefu. Kitenge kiwe 260 kwa 195, kimepigwa pasi. Paka gundi nzito, kwa tabaka jembamba, kwenye kadibodi, si kwenye kitambaa, la sivyo itapenya na kuacha madoa upande wa maua. Laza kadibodi mbili zikiachana milimita 12 katikati. Kata kona za kitenge mshazari, ukiacha milimita 3 kutoka kwenye ncha ya kadibodi, kunja kingo ndani, gandisha.

Jalada likikauka, weka kurasa katikati. Paka gundi uso wa nje wa kaki, lazia ubao mmoja wa jalada. Pindua, fanya upande wa pili. Kati ya kaki na kurasa weka kipande cha faili la plastiki ili unyevu usipite. Bonyeza chini ya uzito hadi kesho, albamu ikiwa imefungwa. Kaki inapokauka inavuta kadibodi kwa ndani, na hilo ndilo linalosawazisha mvuto wa kitenge kwa nje.

Ukifaulu: jalada liko bapa, na albamu inafunguka hadi kurasa za katikati bila mgongo kulia.

## Hatua ya 9: Jaza

Picha ya studio ya inchi 4 kwa 6 haitaingia. Ina urefu wa milimita 152 na ukurasa wako ni 148. Ipunguze, au mwambie mpiga picha mapema akuchapie ndogo. Mbili kwa ukurasa zinapendeza zaidi.

Risiti na tiketi za mashine zile za karatasi laini hufutika zenyewe, kwa sababu maandishi yake hutokana na joto na siyo wino. Toa fotokopi, bandika hiyo. Habari ya gazeti nayo ifotokopi, maana karatasi ya gazeti hugeuka njano. Selotepu usiitumie kabisa.

Stempu za barua hubanduliwa kwa maji: kata kipande cha bahasha kilichobeba stempu, kielee kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika 20, iteleze, suuza mgongo, kausha kati ya vitambaa safi, kisha igandamize. Bahasha za kaki na za rangi ziloweke peke yake, zinachuja. Stempu za kujigandisha haziachii kwa maji, zikate na bahasha yake. Na ukikuta mhuri wa posta unasomeka vizuri, mji na tarehe, usiloweke chochote. Kata kipande chote kama kilivyo, kina thamani kuliko stempu yenyewe.

Maua yakandamizwe kati ya magazeti wiki moja hadi mbili kabla ya kubandika. Ya shambani kwako au kando ya njia yanatosha. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005: pale piga picha, usichume.

Kama albamu inasafiri, kwa mfano inapanda basi kwenda Dar, ibane kati ya kadibodi mbili kubwa kuliko yenyewe, funga kamba njia mbili, iingize kwenye faili la plastiki, ndipo uweke ndani ya bahasha ya kaki ya C5, milimita 162 kwa 229. Ikiwa imenenepa sana kwa picha, tumia boksi dogo, na uandike jina na namba ya mpokeaji pande mbili, kwa wino usiotoka na maji.